Tangawizi ya Bido Jipya

Wachimbaji wa hapa Kapata waliacha vinywaji vya kopo kwa sababu yangu. Vilikuwa vinawapigisha moyo mbio shimoni, nikawaambia kunyweni changu: tangawizi, ndimu, asali ya Sandoa, na chumvi kidogo. Leo alfajiri niliwajazia chupa zao, ya kwanza ya mdogo wangu Gael, anayeniita Yaya.

Saa nne mume wangu Omer, anayefanya kazi kiwandani, aliliona bido jipya, dumu la bluu nililokorogea kinywaji.

"Mama Jémima, hii bido ulinunua wapi?"

"Sokoni. Niliisuuza. Haikunuka kitu."

Akaligeuza. Ubavuni palikuwa na picha ya fuvu, imekwanguliwa kwa kisu.

"Hii ni ya asidi ya kuoshea mawe," akasema polepole.

Nilikuwa nimeonja, mjinga mimi. Nilihisi ukali ulimini nikasifu ndimu.

Nilikimbia bila viatu. Nikalala kifudifudi mdomoni mwa shimo, nikaita, "Gael, musikunywe!"

Sauti yake ikapanda kutoka gizani, imejaa furaha.

"Yaya, ya leo iko mukali muzuri. Tulisha kumaliza yote."