Abiria wa Kona ya Sita

Saa moja na nusu asubuhi mchonga funguo alikuwa bado amepiga magoti mbele ya mlango wa jirani yake, mwalimu wa hesabu, aliyejifungia nje akiwa na taulo na mswaki. Mashindano ya kupanda kilima yalianza saa mbili. Kitasa kilipokubali, alirukia baiskeli yake na kwenda mbio mpaka kwenye mstari. Ndiyo maana hakupata nafasi ya kung'oa keria, kile chuma cha nyuma cha kupakia mzigo au mtu.

Wenzake wote walikuwa wameng'oa. Mmoja alikuwa amenyoa na ndevu, akidai zinamwongezea uzito.

"Wewe unashindana au umetumwa sokoni?" alimuuliza kinyozi mmoja, mshindani mwenzake.

Barabara ya kilima ilikuwa na kona tisa. Miaka minne nyuma, ilipokuwa ikichimbwa, mdogo wa mchonga funguo alifanya kibarua pale. Kampuni ilikuwa na utaratibu wake: asubuhi karani aliandika majina ya vibarua kwa penseli, na jioni, wakishateremka, akayapitishia wino. Asiyeteremka alihesabiwa mtoro, akafutwa. Siku udongo ulipoporomoka kona ya sita, vibarua kumi na mmoja hawakuteremka, na daftari likabaki safi. Mama yao alikwenda ofisini mpaka soli za viatu zikaisha, akitaka karatasi tu ya kuonyesha kwamba mwanawe alikuwa pale. Alijibiwa kwa adabu kwamba mtu wa jina hilo hajawahi kukanyaga kilima. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyodhamini mashindano, na karani yuleyule ndiye aliyekuwa mwamuzi, kwa sababu ya mwandiko wake mzuri.

Washindani waliachiwa mmoja mmoja, kila baada ya dakika moja. Mchonga funguo alikuwa nambari kumi na saba. Kona ya nne mapaja yalimwaka moto. Kona ya tano alimpita kinyozi, aliyekuwa akikokota baiskeli huku akijifanya anakagua mnyororo. Kona ya sita baiskeli ilididimia nyuma, na mikono miwili yenye udongo ikamshika kiunoni.

"Kaka, umenenepa," alisema mdogo wake.

"Na wewe mzito."

"Ni viatu, vimejaa tope. Miaka minne mnapita hapa bila keria. Mtu atapanda wapi?"

Mchonga funguo alizidi kukanyaga pedali. Alifurahi hata kona ya saba ikapita asiione, na machozi yakamtoka, ila kwa jasho lile hakuna aliyeyatambua. Watazamaji walipiga kelele kwamba mmepakizana huko, na mama mmoja aliyeshika ndoo akawamwagia maji wote wawili sawasawa.

Kileleni karani aliwatazama juu ya miwani.

"Nambari kumi na saba, wawili. Kanuni ya nne hairuhusu abiria. Umetolewa."

"Sawa kabisa," alisema mchonga funguo. "Mwandike na jina." Akayataja majina yote matatu ya mdogo wake, na karani akayaandika kwa penseli.

"Tia wino basi, karani."

"Wino uko chini, mkishateremka. Utaratibu ni uleule."

Mchonga funguo alimgeukia mdogo wake. "Teremka na mimi. Mama apate karatasi yake."

"Zamu haijaisha, kaka. Hakuna aliyepuliza filimbi."

Mchonga funguo alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi mpaka ndege wakaruka.

"Huo si wa msimamizi," alisema mdogo wake kwa upole.

Waliteremka hivyohivyo, kaka mkono mmoja kwenye breki, wa pili ameung'ang'ania mkono wa mdogo wake kiunoni. Kona ya sita keria ikawa nyepesi. Alipogeuka, mdogo wake alikuwa ameshaokota chepe, anazibua mtaro pamoja na wale kumi wengine.

Chini karani, aliyetangulia kwa gari la kampuni, alikuwa ameshafungua chupa ya wino.

"Abiria wako?"

"Ameshuka kona ya sita."

"Kwa hiyo hakuteremka." Karani alichukua kifutio, akayafuta majina matatu, akapuliza vumbi. Bila abiria hapakuwa na kosa. Akaipitishia wino nambari kumi na saba. "Hongera. Umekuwa wa tatu."

"Nitoe! Nimevunja kanuni, watu wameona!"

"Daftari halijaona, ndugu yangu."

Wakamvisha zawadi yake, kizibao cha kung'aa chenye jina la kampuni mgongoni, na wakampiga picha.

Nyumbani mama yake alilishika shati la mwanawe kiunoni, penye alama mbili za viganja vya udongo. Akalinusa.

"Amekonda?"

"Hapana, mama. Uzito ni uleule."

Mama alilitundika shati msumarini bila kulifua. Mchonga funguo alichukua spana, akazikaza nati za keria moja moja. Kisha akakikunja kile kizibao mara nne na kukifunga juu yake kwa mpira, ili mtu akikaa asiumie.