Bikoni ya Kusini

Kamishna wa Madini alitujia na maboksi matatu ya vitabu. Ndiyo, vitabu. Mwongozo mpya wa Sheria na Sera ya Madini, jalada linang'aa, picha yake ukurasa wa kwanza, anatabasamu kana kwamba mawe kayavumbua yeye. Tuligawiwa bure, kila mtu chake, maana serikali yetu ni karimu sana kwa vitu inavyoamini hatutavifungua. Ukumbi wa shule ulikuwa na joto, watu wakajipepea. Kutoka meza kuu Kamishna aliona vitabu vinapanda na kushuka, akaridhika kwamba sera imepokelewa.

Mimi nilisoma. Shule niliachia darasa la sita. Sheria nimejifundisha kwenye makaratasi ya watu, mengine yalikuwa yamefungiwa sabuni. Ubaya wangu ni mmoja tu: sisahau.

Shauri lenyewe lilikuwa shimo la dada yangu. Dada, ambaye wachimbaji wenzake humwita Nyundo, amelichimba miaka ishirini na saba. Sasa kampuni imekuja na leseni inayolimeza zima zima, na siku ile Kamishna alikuwa anaamua: ama Dada abaki, ama afungashe kabla ya Jumatatu.

"Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu," alisema Kamishna kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa, "eneo lile halijawahi kupimwa. Hakuna kitalu cha mchimbaji mdogo pale. Kisheria, mama, wewe pale hupo."

"Sipo?" Dada akajitazama viganja. "Basi hizi sugu nimeazima."

Watu wakacheka. Kamishna naye akacheka. Anapenda wananchi wachangamfu.

Nikasimama. "Mheshimiwa, lilipimwa. Lina bikoni nne za saruji, alama za mpaka, moja kila upande. Aliyezipanda ni kijana mmoja mpima ardhi, mwembamba, tukimwita Sentimita, kwa sababu alipima na kurudia mpaka jua likamchoka. Wiki mbili alikunywa chai kwa Dada. Siku hizi amenenepa, Mungu amzidishie."

Kamishna akafuta miwani. Ilikuwa safi. "Wapima ardhi walikuwa wengi, ndugu yangu. Kama bikoni ipo, ileteni hapa mezani niione."

Vijana wa shimoni wakainuka kwenda kuchukua sururu. Nikawapigia kelele wakae chini. Ukurasa wa thelathini na moja: anayeng'oa alama ya mpaka ametenda kosa, na kitalu anakipoteza. Alitaka tumletee ushahidi na kesi yetu kwenye toroli moja.

"Ukurasa wa kumi na nne, Mheshimiwa," nikasema. "'Mgogoro wa mipaka utaamuliwa uwandani, mbele ya pande zote.' Umeandika vizuri sana. Hata mkato uko mahali pake."

Mwanasheria wa kampuni akaanza kumnong'oneza. Lakini vitabu vilikuwa vimeacha kupepea. Ukumbi mzima ulikuwa unatafuta ukurasa wa kumi na nne.

Tukaenda. Viatu vyeusi vya Kamishna vikageuka vyekundu kabla hatujafika. Bikoni tatu hazikuwapo. Trekta la kampuni lilikuwa likisafisha njia na likazigonga kwa bahati mbaya, mara tatu. Ilibaki ya kusini. Dada akaimwagia maji, akaisugua kwa ndala yake. Zikatokea herufi tatu, S, E, N, halafu saruji imebanduka.

"Sen," akasoma mwanasheria. "Hiyo inaweza kuwa chochote."

Dada hakubishana. Alinyoosha mkono kwenye mwamba mweupe ng'ambo ya shimo, ilipokuwa bikoni ya kaskazini. "Sawa, baba. Mimi sikusoma. Ninachokumbuka, alituambia kutoka hapa mpaka pale ni mita mia na themanini kamili."

"Mia na sabini na nane, nukta sita," akasema Kamishna.

Lilimtoka haraka, kwa uchungu, kama mtu aliyesikia jina la mwanawe linakosewa. Mwanasheria akafumba macho.

"Eneo ambalo halijawahi kupimwa," nikasema, taratibu.

Dada akanikata jicho. "Wewe nawe, umeshasikika." Akamgeukia Kamishna. "Sentimita, mdogo wangu. Kumbe hukusahau."

Karani aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao akainua kalamu. "Niandike, Mheshimiwa? Kwamba kitalu kilipimwa?"

Kamishna akachuchumaa, suti na yote, akapitisha kidole kwenye zile herufi tatu. Nilikuwa nimemwekea maneno ya miaka ishirini na saba, makali kweli kweli, na yote nikayarudisha nilikoyatoa.

"Andika," akasema mwishowe. "Kilipimwa. Kitalu ni chake, leseni ya kampuni iishie hapa." Mwanasheria akafungua mdomo; Kamishna hakumtazama. Alikuwa anachungulia daftari la karani.

"Nukta sita. Wewe umeandika nukta saba. Futa."