Kiingereza cha Edani

“Ship,” alisema Tahera, na uzi wa kushonea ukakaa mfupi kati ya vidole vyake. “Sheep.” Akauvuta mpaka magotini. La kwanza meli, la pili kondoo.

Nilijishika koo. Kwangu lilikuwa neno moja, limetoka mlango mmoja.

Nilikuwa edani, mume wangu Kombo hana mwezi kaburini. Nje ya chumba changu cha Makorora dunia ilikuwa ikigeuka: baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, bidhaa za ng'ambo zilikuwa zinarudi, zimejaa Kiingereza. Tahera na mumewe, Naushad, walikuwa na duka Usagara, na wageni waendao msitu wa Amani walipita hapo kununua vitu vya safari. “Eda ikiisha uje usimame kaunta,” aliniambia. “Ila mgeni akisema, umwelewe.”

Nami nilikuwa na darasa la nne na Kurani yangu.

Akaendelea. Live ni kuishi. Leave ni kuondoka. Ndipo sikio likafunguka.

“Ala! Si madda hii ya Kurani? Kama chuoni. Ukivuta pasipovutwa, umeharibu maana, na bakora ya mwalimu iko juu yako.”

Tahera alicheka hadi akadondosha sindano. “Haya shoga, msomee Mzungu kwa tajwidi! Atanunua duka zima.”

Wajukuu huniuliza nilijulia wapi Kiingereza; nawajibu, edani. Kila baada ya sala niliyavuta maneno na kuyakata, nikistaajabu jinsi pumzi ndogo tu inavyomhamisha mtu.

Shemeji yangu Uweso, kaka wa marehemu, ndiye aliyeniletea unga. Alisimama nyuma ya pazia. “Mwanamke kama wewe haachwi peke yake, shemeji. Nyumba yangu kubwa.” Kumposa mjane waziwazi edani haifai, basi alizungukazunguka tu. Nami nilinyamaza, kwa stahi ya marehemu, na kwa sababu mkono wake ndio ulionilisha.

Siku niliyotoka eda alikuja na mkewe, Chiku, na gari la kubebea kitanda changu.

“Kitanda?” nikauliza.

“Si ulikubali? Nimesema mara ngapi, hukukataa.”

Chiku alikitazama kikombe chake cha chai. Kilikuwa kimepoa, hajakigusa.

Tangu niolewe sikuwahi kumkatalia neno mwanamume yeyote wa ukoo ule. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

“Shemeji,” nikasema, “kunyamaza ni idhini ya mwari. Mjane husema kwa kinywa chake. Wewe umepita chuoni, unalijua hilo.”

“Basi sema.”

“Nabaki Makorora. Jumamosi naanza kazi dukani kwa Tahera. Mungu akulipe kwa unga wako.”

Uweso alikohoa, akavaa kofia yake, akatoka kumwambia dereva ageuze gari.

Chiku akakiinua kikombe, akainywa chai yote baridi vile vile, akauliza kama imebaki nyingine.