Mara Tatu, Mgeuze

Adhuhuri ile kikombe cha bati kiligonga ubao wa kitanda mara tatu, na mke akainuka kabla hajakumbuka kwamba mama mkwe wake alizikwa wiki tano zilizopita.

Aliingia chumbani hata hivyo. Kitanda kilikuwa kitupu, godoro limebonyea upande wa ukutani. Kwa miaka sita, tangu kiharusi kimfunge mkongwe yule kinywa, lugha yao ilikuwa kikombe hicho: mara mbili maji, mara tatu mgeuze. Mgongo wa marehemu haukupata hata kidonda kimoja. Mazishini wanaume walisifu subira ya marehemu. Mgongo hakuna aliyeutaja.

Tangu malisho ya ukoo yazungushiwe uzio na vijana wahamie machimboni, waliobaki kijijini ni wagonjwa na wanawake wa kuwaangalia. Mama yake mwenyewe, ng'ambo ya kilima, alikuwa amepofuka akimsubiri. Leo, hatimaye, furushi lilikuwa tayari mlangoni.

Ndipo pikapu ikaingia uani. Mumewe akashuka. Nyuma, juu ya godoro, alilala shangazi yake, miguu imekufa ganzi.

"Kitanda kipo," mume alisema bila kumtazama usoni. "Na wewe umeshazoea. Si unakaa tu nyumbani?"

Kukaa tu! Akaenda kwenye gari kwanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuelemea."

"Hujanielemea wewe," alimjibu, na alisema kweli. Akamnywesha maji, akamfunika miguu, kisha akajitwika furushi.

"Unakwenda wapi?" mume akamaka.

"Kwa mama. Kikombe kiko msumarini. Mara mbili maji, mara tatu mgeuze. Anzia begani, usimvute kiuno."

"Mimi? Mimi najua nini?"

"Hata mimi sikujua."

Mume akaingia ndani kutandika kitanda, akifoka peke yake. Mke hajafika hata kwenye lango la ua, akamwona anatoka mbio, shuka mkononi, uso umesawijika. Shangazi alikuwa bado garini, amesinzia.

"Mke wangu, nani yumo chumbani?"

Mke akashikwa na hofu na faraja pamoja. Wiki tano zote alidhani anasikia peke yake.

"Amegonga mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi rudi ukamgeuze," akasema, akaishika njia ya kilimani.