Mume wa Kurasa Kumi na Moja

Mume wangu amesahau jina langu, amesahau jina lake, na juzi alisahau mlango wa choo ulipo. Lakini ukimpa hadithi fupi na kalamu nyekundu, haimpiti hata koma. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Akili zingemtoka zote ningelia, nikanyamaza. Zimebaki, ila hazikubaki kwa ajili yangu.

Alifundisha fasihi miaka thelathini na mbili. Wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Ushahidi, kwa sababu ukimwambia mhusika fulani ni mchoyo au ni mwoga, yeye alikuwa na swali moja tu: "Ushahidi uko wapi? Nionyeshe mstari." Nyumbani alikuwa vivyo hivyo. Nikimwandikia karatasi ya vitu vya kununua dukani, aliirudisha imesahihishwa. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba, na nilikuwa nacheka mpaka machozi yananitoka. Siku hizo nilidhani ananitania.

Sasa anaamka asubuhi, ananikuta kwenye cherehani yangu karibu na dirisha, ananisalimia kwa adabu zote: "Habari za asubuhi, dada fundi." Tumeoana miaka arobaini na moja, halafu mimi ni dada fundi! Binti yetu akipiga simu namdanganya kwamba baba yake kamuulizia.

Daktari alisema tumpe kazi aliyoizoea. Basi nikamtolea sanduku la hadithi walizoandika wanafunzi wake wa zamani, naye akawa anazisahihisha upya kila siku kama zimeletwa jana. Hapo ndipo shetani aliponipitia. Nikajiambia, ikiwa huyu bwana anawaona watu wa kwenye karatasi tu, basi na mimi nitaingia kwenye karatasi. Nitaandika maisha yetu kama hadithi, bila majina, nimpe aichambue. Lazima atajiona. Akijiona yeye, ataniona na mimi. Sikutaka makubwa. Nilitaka aniite mke wangu, mara moja tu, kisha asahau tena akipenda.

Niliandika wiki mbili, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Zikatoka kurasa kumi na moja. Niliandika jinsi mwalimu kijana mwenye baiskeli alivyoleta suruali moja kwa fundi mara tatu ndani ya mwezi, kila mara imechanika mguu wa kulia, mpaka fundi akajua kwamba anaichana mwenyewe ili apate sababu ya kuja. Kisa hicho nakisimulia kwenye kila harusi, na watu hawakichoki. Niliandika ndoa yetu. Niliandika mtoto wetu wa kwanza, aliyeishi siku tisa, na baba yake aliyerudi kazini siku ya kumi bila kusema neno, kwa kuwa uchungu ulimzidi. Hapo nililia, nikafuta, nikaandika tena.

Jumamosi asubuhi nikampelekea, roho mkononi.

"Mwalimu, kuna mwanafunzi kaleta kazi yake."

Alivaa miwani, akaisoma mara mbili. Nilijifanya natunga uzi kwenye sindano, nao ukakataa katakata kuingia. Alikuwa akipigia maneno mistari na kutikisa kichwa, na uso wake ulikuwa ule wa zamani, mpaka nikaanza kufurahi kama mjinga.

"Kaandika nani?"

"Msichana mmoja."

"Ana jicho. Mandhari yake ni hai, hiyo meza ya kukatia vitambaa naiona kabisa." Aliinua macho, akaitazama meza yangu, kisha akarudi kwenye karatasi. "Lakini hajui dhamira ya hadithi yake mwenyewe. Anadhani kaandika mapenzi."

"Kumbe kaandika nini?"

"Upweke. Huyu mume hampendi mkewe, dada fundi."

Nilitaka kumzaba kibao. Mwanamume ninayemwogesha, ninayemkata kucha, anakaa hapo ananiambia hivyo kwa sauti ya darasani! Nikamrushia swali lake mwenyewe. "Ushahidi uko wapi?"

Alifurahi kweli. "Hilo ndilo swali! Njoo uone." Akanisogezea kiti. "Suruali hii. Msimulizi anasema kijana aliichana makusudi. Nani kamwambia? Kijana mwenyewe hasemi popote. Ila ukurasa wa kwanza tumeambiwa ana baiskeli, na mguu unaochanika ni wa kulia. Mnyororo wa baiskeli uko upande gani?"

Uko kulia. Suruali ile niliishona kwa mikono yangu, na mara zote tatu ilikuwa na grisi. Jambo hilo sikuliandika.

"Halafu mtoto anakufa," aliendelea. "Tunaambiwa baba alinyamaza kwa uchungu. Huo ni uchungu wa msimulizi, kamvisha mume. Sisi tunachokiona ni mtu aliyekwenda kazini. Sasa nitafutie, katika kurasa zote hizi, mahali mume anapomwambia mkewe neno moja la mapenzi. Mimi nimetafuta mara mbili."

"Labda msichana kasahau kuandika."

"Kakumbuka mpaka rangi ya mlango wa duka."

"Kwa nini alimwoa, basi?" Sauti yangu ilitoka vibaya. "Kwa nini alikaa naye miaka yote hiyo?"

"Hilo hadithi haisemi," alisema kwa upole, kama anavyomzuia mwanafunzi asibahatishe. "Hapo ingebidi aulizwe mume."

Na mume alikuwa amekaa hapo, magoti yetu yanakaribia kugusana. Nilimshika mkono. Nikamwita kwa jina lake. Nikamuuliza kama alinipenda, hata kidogo, hata siku moja.

Alishtuka. Aliutazama mkono wangu, akautoa taratibu kwenye wake, kwa heshima, asije akaniaibisha.

"Samahani, dada," alisema. "Mimi nina mke."

Moyo ulinipasuka, na humo humo kitu kikachomoza kama furaha. Yupo. Kumbe yupo mahali fulani kichwani mwake, yule mke.

"Unampenda?"

Mwalimu Ushahidi alivua miwani. Hajawahi kujibu swali kwa kukurupuka, na hilo pia hakulikurupukia. Alifikiri kwa muda mrefu, anatafuta mstari wa kunionyesha, nami nikamwona anavyotafuta na anavyokosa.

"Mke wangu?" alisema mwishowe. "Hana neno."

Kisha akafunika kalamu yake na kuniuliza, dada fundi, kama kuna hadithi nyingine.