Daktari Amesema

...na alikunywa, hilo siwezi kulifuta, asubuhi ile ile alikunywa maji, nilikuwa nimechutama bombani nyuma ya nyumba natawadha kwa sala ya alfajiri, nimeshaosha mkono wa kulia, nilipogeukia wa kushoto nikamkuta Kungumanga ameinamia kopo, masharubu yamegusa maji, anakunywa taratibu kama mzee anayejua kwamba hakuna wa kumharakisha, nikangoja, nikahesabu, alipiga ulimi mara kumi na tisa kisha akaondoka akiburura mguu wa nyuma, nami nikamalizia udhu kwa maji yale yale kwa sababu Mwanasiti alinifundisha kwamba maji aliyoyanywa paka hayaharibiki, mimi niliyesoma kemia Makerere nikafundishwa hilo na mke wangu, na saa tano baadaye, kule Loresho, Daktari Kailash akaniuliza kama paka wangu anakunywa maji, nikasema si sana... si sana, mtu ambaye kazi yake ni kupima, mtu anayeandika kwenye ripoti ya maabara hadi nukta ya tatu, si sana... Mwalimu Shee anauliza kama sukari hii ni ile ile ya wiki iliyopita, maana imeshikana, nasema ni ile ile, anacheka kidogo, anasema nyumba isiyo na mwanamke hata sukari yake hugeuka jiwe, anaigonga kwa kijiko, namsogezea kikombe, kila Alhamisi baada ya alasiri huja hapa Jamhuri, anapanda mabasi mawili kutoka Ngara anakofundisha chuo cha Kurani, anamsomea marehemu Mwanasiti Yasini, miaka miwili sasa hajakosa, na leo alipoingia hakunikuta sebuleni, alinikuta kwenye ua, nina jembe, magoti yana udongo, alivua kofia akaiweka juu ya ukuta, akainama, akasukuma udongo uliobaki kwa viganja vyake, mzee wa miaka sabini anamzika paka, halafu akasema pole, na ningependa angeishia hapo, pole inatosha, lakini tulipokwisha nawa na kukaa akaongeza, usijilaumu, Bwana Taib, wewe umefuata kauli ya mjuzi, daktari amesema, na tangu aseme hivyo chai yangu imepoa mkononi.

Daktari hakusema, hilo ndilo, daktari hakusema... Jumanne nilikwenda chuoni kwake baada ya kazi, nikasimama mlangoni hadi alipomaliza somo, nikamuuliza, Mwalimu, mnyama ambaye daktari amesema hana tumaini, anateseka, je, inajuzu kumpumzisha, na siku hiyo ya Jumanne Daktari Kailash hakuwa amemwona Kungumanga hata kwa jicho, miadi ilikuwa ya Alhamisi, Mwalimu akafikiri, akashika ndevu, akasema yeye moyo wake unapenda kumwachia Mola kazi yake, lakini ikiwa mjuzi wa fani hiyo ameshakata kauli, yeye ni nani, basi iwe kwa upole na isicheleweshwe, nikashika mkono wake nikaubusu, nikatoka na jibu mfukoni, na leo asubuhi Ajwang wa ofisini akatupeleka kwa Peugeot yake, kikapu mapajani mwangu, akitania njia nzima ili nisinyamaze, mzee, kwetu paka akizeeka anaenda zake porini, haombi lifti, na mimi nikatabasamu kwa adabu, na Kungumanga kimya, hakulia hata mara moja, yeye aliyelia njia nzima kutoka Lamu mwaka wa hamsini na saba, kwenye mashua, kwenye basi, kwenye treni ya usiku, amefunikwa kwa leso ya biarusi, mtoto wa paka wa rangi ya kungumanga, na biarusi mwenyewe akiniambia bila haya kwamba kama simtaki paka basi na yeye simtaki... Daktari alimpima, alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili, akamfungua mdomo, akamnusa pumzi, akaandika, akasema figo zimechoka lakini kuna sindano za maji, zinapigwa chini ya ngozi, unamleta Jumatatu na Alhamisi, wengine hufika mwezi, wengine miwili, siwezi kukuahidi zaidi ya hapo, uamuzi ni wako, akaningoja, nikamwona anatazama mikono yangu, nikamwambia, Mwalimu wetu amesema haifai kumchelewesha. Hivyo tu. Akaweka kalamu chini. Akasema kama dini yenu imeshasema, Bwana Taib, mimi siongezi neno, na alisema kwa heshima, Mhindi mwenye adabu, baba yake pia alikuwa daktari wa wanyama, akaniletea karatasi, pana mstari kwa ajili ya mwenye mnyama, nikatia saini yangu kwenye mstari huo, na huyo paka hakuwa wangu.

Nimewaona wauza maziwa wanaoongeza maji, huletwa kwetu maabara kwenye chupa zenye lakiri, mmoja alimwambia hakimu kwamba maji aliyatia ndugu yake, na ndugu yake akasema aliyatia yeye, kila mmoja anaegemea mwenzake, na mimi shahidi wa serikali nikawadharau wote wawili... Mwalimu anasimulia sasa, sijui ametokea wapi, habari za jirani yake Ngara anayefuga njiwa juu ya paa, mvua ya jana imebomoa banda lote, naitikia, naam, naam, nasikia sauti yake kama redio ya nyumba ya pili, jinsi daktari alivyomnyoa Kungumanga unyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, mashine ndogo, na ngozi chini yake ilikuwa ya waridi kama ya mtoto, miaka kumi na saba sikuwahi kujua ngozi yake ni ya rangi gani, jinsi alivyotazama mlango, si mimi, mlango, masikio mbele, jinsi kichwa kilivyozidi uzito kwenye kiganja changu, nilihesabu tena, sekunde kumi na moja, na daktari akaweka kipimo kifuani akasema tayari, na kitu cha kwanza nilichohisi, sitamwambia yeyote lakini nakisema hapa kichwani, kitu cha kwanza kilikuwa ni raha, nafuu, kama mtu aliyetua gunia, kwa sababu kesho alfajiri hatalia, hatakaa tena mbele ya kabati la Mwanasiti akaita, ile sauti ndefu, si ya njaa, najua ya njaa, ni sauti ya kumwita mtu chumba cha pili, kila alfajiri tangu mwezi wa nne, alianza kusahau, nadhani, uzee ulimsahaulisha kwamba Mwanasiti amekufa, akawa anamtafuta upya kila siku, na kila siku mimi nalala chali nasikia anaitwa mke wangu na mimi siwezi kumwita, mimi sikumlilia, mwanamume halii mbele ya wageni, na walipoondoka wageni nilikuwa nimeshazoea kutolia, na paka akawa analia kwa niaba yangu, na nikamchoka. Hapo ndipo penyewe. Hakuteseka sana. Niliteseka mimi. Naye Mwanasiti alinishika mkono pale kitandani, mkono mkavu kama karatasi, akasema Kungumanga ni amana kwako, Taib, na amana hurudishwa ilivyo au husubiriwa mwenyewe, haitiwi saini... "...au siyo?" anasema Mwalimu, nasema ndivyo, Mwalimu, sijui nimekubali nini, anaendelea, anasema ndiyo maana Mungu ameweka wajuzi, mtu asibebe peke yake, ikiwa daktari amesema basi mzigo umegawanyika, na anachovya kipande cha mkate kwenye chai, na maneno yake, kwa nini maneno yake yananirudia si kwa ajili ya paka, kuna mahali nimeyasikia, daktari amesema, nimeyasikia kwa sauti yangu mwenyewe, si Jumanne, si leo...

Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka wa sabini na mbili, kibaridi, Mwanasiti wodini, daktari wa pale, kijana, jina lake silitaji, alinitoa kwenye ujia akasema hakuna la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu, na kama anataka kwenda kwao asafiri sasa, wiki hii, kabla hajaishiwa nguvu, kuna ndege ndogo, atawaandikia wenye ndege barua, atampa dawa za njiani, alisema hivyo, nakumbuka hata kifungo cha koti lake kilichokuwa kimening'inia kwa uzi, na nilikuwa na barua ya mama yake mfukoni, Bi Waridi hajui kuandika, aliandikiwa na Jabir mwanawe, mleteni mwanangu nimwone, nimwogeshe kwa mikono yangu, na Mwanasiti mwenyewe alikwisha kuniambia mara mbili kwamba anataka kusikia adhana ya mtaani kwao, na mimi nilisimama kwenye ujia ule nikaona yote kwa uwazi, kama ramani, nikaona tunafika, wanawake wanampokea mlangoni, mama, shangazi, majirani, wanampandisha juu, na mimi nabaki chini barazani na wanaume, nakunywa kahawa, naulizwa habari za Nairobi, kila baada ya saa mtu anashuka ngazi kunieleza, amekula, amelala, na mwisho siku moja atashuka mtu na uso wake utakuwa umeshasema, kwetu ndivyo ilivyo, mume hakai pale, mgonjwa ni wa wanawake, nitakuwa mgeni kwenye kifo cha mke wangu, na hapa Nairobi alikuwa wangu, kiti kilikuwa changu, kijiko cha uji kilikuwa changu... nikaenda posta, nikaandika simu ya maandishi, maneno matatu. Daktari amekataza safari. Nikarudi wodini nikamwambia na yeye.

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema."

Akasema basi, daktari akisema, akageuza uso upande wa ukuta, sikuwahi kuuona ukuta ule tangu siku ile, sasa nauona, rangi ya kijani hadi nusu, nyeupe juu, na alikaa siku ishirini na sita, siku ishirini na sita zangu, nilimlisha mimi, nilimshika mimi, na hakuniuliza tena habari za kwao, alikuwa mwanamke wa kuuliza, aliuliza kila kitu, bei, sababu, jina la baba wa mtu, na hilo hakuliuliza tena, na mimi nikaita kimya chake subira... alijua. Hapana, sijui kama alijua, sina ushahidi, nisiandike nisichokipima, ninachokijua ni kwamba tulimzika Kariokor siku ya mvua, kati ya watu asiowajua, na Bi Waridi akatuma salamu kwamba anamshukuru daktari kwa kumchunga mwanawe, na mimi nikazipokea salamu zile, nikasema zimefika, na kila Idi huniletea halua kwa mkono wa msafiri, kwa mkwe aliyejitahidi. Ni mtu mmoja, basi. Ni mimi yule yule, sikuharibikiwa Jumanne, nilishajua njia, nilishaipita, unachukua mdomo wa mtu anayeheshimiwa, unaweka ndani yake neno lako, na paka hakuwa na ulimi wa kuniuliza, amesema mwenyewe... Mwalimu amemaliza habari za njiwa, amekung'uta makombo kwenye kanzu, anatafuta miwani yake ya kusomea, ameivaa, anafungua msahafu mdogo mahali palepale pa kila Alhamisi, ananitazama juu ya miwani, anasema tumsomee, na mimi nimeshika kikombe kile kile, chai ina utando juu, nje udongo wa kaburi la paka bado haujakauka, nasema naam, Mwalimu, bismillahi, naye anaanza, na sauti yake ni nzuri, na hakuna hata neno moja analolisoma linalonihusu.

Asubuhi, siku ya Ijumaa, sikwenda maabara. Nilisubiri Posta Kuu ifunguliwe, nikaomba simu ya Lamu, dukani kwa Jabir, nikakaa kwenye benchi dakika arubaini hadi walipomwita mama yake kutoka nyumbani, nikaitwa kibanda cha nne. Sauti yake ilikuja kwa mbali, anahema, alikuwa amekimbizwa.

"Taib? Nani amekufa?"

Nikamwambia Kungumanga, paka wa Mwanasiti, nilimpeleka mimi kuuliwa, angeweza kuishi kidogo. Akamshukuru Mungu kwamba ni paka tu, akasema nimemtia hofu bure, mwanangu, akaanza kuniuliza kama ninakula. Nikasema, "Mama, nisikilize. Daktari hakukataza Mwanasiti asafiri. Alisema aje kwako. Nilikataza mimi." Waya ukavuma. Nilimsikia Jabir nyuma anamuuliza kuna nini. Mtu wa mitambo akaingia, akauliza kama tumemaliza, na kabla sijafungua mdomo Bi Waridi akasema, bado.