Yutiai ya Mgongo

Bango ndilo lililomponza Evelyn. Alimwandikia fundi: "Utafiti wa chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Tunatafuta watoto wazima." Fundi akaona maneno yamezidi kitambaa, akayapunguza. Asubuhi, mbele ya hema lililosimamishwa mkabala na maduka ya vyombo Kariakoo, bango likasomeka: UTI WA MGONGO. WATOTO, WAZIMA. BURE.

Saa tatu foleni ilikuwa imekata kona, na haikuwa na mtoto hata mmoja. Evelyn, nesi wa mkataba, alitakiwa kupata watoto watano kabla ya saa saba. Akiwakosa, hema linahamishwa na kazi yake inaishia hapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti." Mzee Ansbert, muuza vitenge wa jumla, akatoa kichupa kilichoviringishwa gazeti. "Mkojo wa leo huu. Yutiai yangu ilianzia chini, sasa imepanda mpaka mgongoni. Hiyohiyo mliyoandika."

"Mzee, si yutiai ya mkojo, ni uti! Uti wa mgongo. Ni utafiti wa chanjo, na tunataka watoto."

"Bango linasema watoto, na wazima. Mimi si mtu mzima?"

"Wazima, yaani hawaumwi!"

"Sasa asiyeumwa anafuata nini kwa nesi?"

Foleni ikaangua kicheko. Candida, muuza masufuria wa duka la mbele, akasogea na mwanawe Hillary wa miaka miwili kiunoni.

"Mzee kauliza la maana. Mtoto mzima unamchoma ili iweje?"

"Mtungi wa kuzimia moto ulinunua lini, dada? Duka lilipoanza kuungua?"

Candida akageuka kulitazama duka lake. Kariakoo moto si kitu cha kutaniwa.

"Kwa hiyo chanjo yenyewe bado mnaijaribu?"

"Ndiyo. Watu wazima walishachanjwa, sasa tunaangalia inawakinga watoto kiasi gani. Anaweza kupata homa, mkono ukavimba. Yote yameandikwa humu."

Akampa fomu ya ridhaa, kurasa kumi na mbili. Candida alizisoma zote akiwa wima, kama asomavyo mkataba wa fremu ya duka lake.

"Nikitaka kumtoa katikati?"

"Unamtoa. Huulizwi sababu."

"Faini?"

"Hakuna."

"Na nikikataa sasa hivi?"

"Tunaagana vizuri, na kliniki yake inaendelea kama kawaida."

"Makubwa! Mwenye fremu wangu angeuona huu angezimia." Akatia sahihi.

"Hali ya mtoto?"

"Ana mafua, chakula hagusi, usiku anaweweseka."

Evelyn akaweka kalamu chini. "Basi hafai."

"Nani hafai? Mtoto chuma huyu!"

"Si umesema..."

"Nimezoea! Hospitali ukisema mtoto mzima si unarudishwa nyumbani?"

Kipimajoto hakikuona homa. Hillary akamng'ata Evelyn kidole kwa meno yote aliyonayo. Dokta Sofia, aliyekuwa ndani ya hema, alimkagua kuanzia masikio hadi nyayo, akampitisha.

Candida akapanda juu ya kigoda. "Wenye vichupa, rudini navyo! Leteni watoto! Kusoma bure, kuuliza bure, kukataa bure!"

Evelyn akakimbia kumshusha. Utafiti haunadiwi kama mitumba. Lakini kina mama walishaanza kutoka madukani. Wa kwanza, Amira wa duka la viatu, alisoma mpaka mwisho, akauliza maswali tisa, akakataa. Evelyn akatabasamu kwa shida, akamuaga vizuri, hata akambebea mtoto mpaka mlangoni.

Waliobaki wakatazamana.

"Kumbe kweli kukataa ni bure," mmoja akasema.

Saa sita na nusu, mama wa sita alikuwa akigombana na wa tano kwamba yeye ndiye aliyetangulia.